Nakisikia Kifaransa, karatasi ndiyo imenishinda

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Malori yanatoka Mombasa, yanapita Kampala, yanalala kwetu, kesho yake yanavuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Kazi yangu ni makaratasi: ankara, orodha ya mizigo, uzito, thamani. Ng'ambo ya pili kila kitu ni Kifaransa, na ofisini mimi ndiye ninayesukumiwa hicho Kifaransa.

Nilikianza shuleni nikakiacha senior ya pili. Kilichobaki nimekiokota hapa hapa, kwa madereva, kwa maofisa, kwa akina mama wanaovuka na vitenge siku za soko. Naongea, Mwalimu. Wakongo wengine huniuliza kama nilikulia Beni.

Mwaka jana bosi akasema anataka mtu wa kushika meza ya Kifaransa. Mshahara utapanda, ila sharti awe na cheti cha B1, yaani ngazi ya kati ya Kifaransa, maana wateja wakubwa siku hizi wanauliza vyeti. Nikajiandikisha kwa mtihani wa DELF B1, ule wa Ufaransa wa kupima Kifaransa cha wageni. Rafiki aliyeufanya zamani akanipa fotokopi zake, nikajifunzia hizo. Siku ilipofika nikapanda basi la usiku kwenda Kampala, asubuhi nikaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani.

Matokeo yangu haya hapa. Kusikiliza 17 kati ya 25. Kuandika 14.5. Kuongea 22. Kusoma 4.5. Jumla 58, na kufaulu ni 50, lakini nimeandikiwa kwamba sikufaulu. Nilipouliza nikaelezwa kwamba ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata jumla iwe nzuri namna gani. Nusu alama, Mwalimu! Nililia ndani ya basi kutoka Kampala mpaka Fort Portal.

Ilikuwa hivi. Kwenye fotokopi, sehemu ya kusoma ilikuwa na mazoezi mawili. Nilipofungua karatasi ya siku ile nikakuta matatu, nikashtuka. Nikakumbuka kwamba lile refu la mwisho ndilo lenye alama nyingi, nikaanza nalo. Mstari wa kwanza tu una maneno mawili nisiyoyajua. Nikasimama. Nikayageuza kwa Kiingereza, nikajaribu hivi na vile, nikasogea, nikasimama tena. Namaliza zoezi hilo, nusu saa imekwisha. La pili nikalifanya mbio mbio. Lile la kwanza, la jedwali na matangazo mafupi mafupi, sikuligusa. Muda uliisha.

Mtihani ujao ni baada ya miezi mitatu. Kuna mtu Kampala anauza karatasi za mitihani iliyopita kwa shilingi 200,000, ninunue? Au nirudi nyuma nifanye A2, ngazi ya chini yake, kwanza? Nimeanza pia kukariri kamusi, nimefika herufi C. Je, nikirudia nitafanya kusoma peke yake au yote? Na bosi nimwambie nini? Mpaka leo sijamwambia matokeo.

Muda nilionao ni usiku baada ya saa mbili, na mchana malori yanapokwama.

Binti wa Mpondwe


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye ile 4.5 moyo unanishuka. Nimefundisha Kifaransa miaka 22, kwanza Fort Portal kisha Kampala. Nimeona wanafunzi wakikosa kwa alama nyingi, kesho yake wakaamka wakaendelea na maisha yao. Nusu alama haimwachi mtu alale. Umeshalia, na ulikuwa na haki ya kulia. Sasa tuiweke hiyo karatasi mezani tuiangalie pamoja.

Anayepata 17 kwenye kusikiliza na 22 kwenye kuongea, Kifaransa anakijua. Usikubali mtu yeyote akwambie vingine, wala wewe mwenyewe usijiambie vingine. Kilichokuangusha ni vitu vingine, na kile kikubwa kimetoka kazini kwako. Nitakifikia. Kwanza hizo fotokopi.

Ulijifunzia mtihani ambao haupo tena. DELF B1 ilianza kubadilishwa mwaka 2020. Ile ya zamani ilikuwa na mazoezi mawili ya kusoma kwa dakika 35, la kwanza alama 10 na la pili 15, na mahali pengine ulitakiwa kuandika jibu kwa maneno yako au kunukuu sentensi ya kuthibitisha. Ya sasa ina mazoezi matatu kwa dakika 45, na yote ni ya kuchagua na kutia alama kwenye kisanduku. Huandiki hata sentensi moja. La kwanza lina alama 8, la pili 8, la tatu 9. Ulipokimbilia lile refu ukidhani limebeba 15, ulikuwa unafukuzia 9, na nyuma yako umeacha 8 ambazo kwa mtu wa kazi yako ndizo nyepesi kuliko zote.

Ninasema nyepesi kwa sababu hilo jedwali ni kazi unayoifanya kila siku. Unapewa matangazo manne, tuseme ya mafunzo ya upishi, pamoja na masharti manne: bei isizidi euro 50, iwe mwisho wa wiki, pawe karibu na kituo cha treni, wanaoanza wakubaliwe. Kwa kila tangazo na kila sharti unajibu ndiyo au hapana. Visanduku 16, kila kimoja nusu alama. Si ndivyo unavyokagua ankara dhidi ya orodha ya mizigo? Shika sharti moja, lipitishe kwenye matangazo yote manne, kisha shika la pili. Usisome tangazo zima kama barua ya mpendwa. Macho yako yatafute bei tu, halafu siku tu, halafu mahali tu.

Masharti yenyewe mara nyingi hayaandikwi kwa neno lilelile. Ukitafuta "près de la gare" (karibu na kituo) utakuta "à deux pas de la gare", yaani hatua mbili tu kutoka kituoni. Ukitafuta Jumatatu utakuta "tous les jours sauf le lundi", kila siku isipokuwa Jumatatu, na hilo "sauf" ndilo linaloiondoa Jumatatu. "Gratuit pour les moins de 26 ans", bure kwa walio chini ya miaka 26, inapendeza machoni, lakini kama mhusika kwenye swali ana miaka 30, hiyo ni hapana. Vineno kama "sauf" (isipokuwa), "dès" (tangu), "jusqu'à" (mpaka), "à partir de" (kuanzia), "sur place" (papo hapo) ni vidogo, na ndivyo vinavyogawa alama.

Na jambo moja linaloniuma kulisema, ila lazima ulijue ili lisirudie: kwenye mtihani huu hakuna alama inayokatwa kwa jibu la kosa. Kisanduku kitupu ni sifuri ya uhakika. Katika vile 16, kimoja tu kingekuwa sahihi ungefika 5, na leo cheti kingekuwa mkononi mwako. Dakika mbili za mwisho, hata kama mkono unatetemeka, pitisha kalamu kwenye kila kisanduku kilichobaki wazi.

Sasa lile la kazini. Wewe ni mtu wa forodha. Umefundishwa kwamba mstari mmoja ukikupita, lori zima linakwama, tena pengine na nyanya ndani. Kwenye "facture", ankara, huwezi kuruka neno, wala huwezi kukisia "poids net", uzito wa mzigo wenyewe. Uangalifu huo ndio uliokupa heshima ofisini kwako, na ndio uliokuchinja Kampala. Makala ya B1 imeandikwa makusudi ikiwa na maneno usiyoyajua. Mtahini hakutarajii uyajue yote. Anataka kuona kama unaweza kuliacha neno lipite na bado ukashika habari. Ukisimama mbele ya kila neno geni kama ofisa mbele ya gunia ambalo halijaandikwa kwenye orodha, dakika 45 hazitakutosha hata ukariri kamusi mpaka Z.

Nitakuonyesha kwa maneno machache niliyoyatunga mwenyewe. Yasome bila kusimama:

« Ouverte en 2019 dans un ancien entrepôt, la coopérative ne comptait au départ que douze membres. Aujourd'hui, une soixantaine de familles y vendent leurs légumes. Pourtant, selon la présidente, le plus difficile n'a pas été de trouver des clients, mais de convaincre les voisins de partager un même camion. »

Swali: ugumu mkubwa wa ushirika huu ulikuwa upi? Majibu yawe matatu: "attirer des clients" (kuvutia wateja), "trouver un entrepôt" (kupata ghala), "mettre en commun un véhicule" (kutumia gari kwa pamoja). Tuseme hulijui neno "convaincre". Lifunike kwa kidole. Unabaki na "si kupata wateja, bali majirani, kutumia kwa pamoja, lori moja". Jibu umeshalipata, na "convaincre", yaani kushawishi, bado limefunikwa.

Angalia pia mtego ulivyotegwa. Neno "clients" liko kwenye habari na liko kwenye jibu la kwanza. Neno "entrepôt", ambalo wewe unalijua vizuri kwa sababu ya maghala ya Kasindi, liko kwenye habari na kwenye jibu la pili. Jibu sahihi halikuchukua neno hata moja la maana kutoka kwenye habari: "camion", lori, limegeuka "véhicule", na "partager", kushirikiana, limegeuka "mettre en commun". Mitihani ya namna hii hupenda sana mtindo huo. Ukiliona neno lililofanana kabisa, lichukulie kama chambo kwanza, rudi kwenye sentensi lilikotoka, uliza kama sentensi inalikubali au inalikataa. Hapa kuna "n'a pas été", basi inalikataa.

Halafu "ne comptait que douze". Wengi huona "ne" wakadhani ni kukanusha, wakasema hawakuwa kumi na wawili. "Ne" ikifuatwa na "que" ni "tu": walikuwa kumi na wawili tu. Na "ancien" likitangulia jina, kwa kawaida maana yake ni kilichokuwa: jengo hilo zamani lilikuwa ghala, sasa silo.

Umeniambia unageuza kwa Kiingereza. Hapo, mwanangu, nakuomba ubadili njia. Unazunguka Kampala kwenda Kasindi wakati mpaka uko mlangoni pako. Kiswahili chako kinafanana na Kifaransa mahali ambapo Kiingereza hakifanani kabisa, na mahali penyewe ndipo wasomaji wengi wa B1 hupotelea: vile vineno vidogo, "le", "les", "y", "en", "celle-ci".

Soma hii: "Les tomates, elle les vend à Butembo." Kwa Kiswahili tunasema "Nyanya anaziuza Butembo." Hiyo "les" iliyokaa kabla ya "vend" ni "-zi-" yetu iliyokaa kabla ya mzizi "-uz-". Mahali ni palepale. Mswahili hahitaji kufundishwa kwamba kitu kinachouzwa kinaweza kutajwa kwa silabi moja kabla ya kitendo, amezaliwa nayo. "Des clients, elle en a": wateja anao. "J'y travaille": nafanya kazi hapo. Kwenye mfano wetu, "y vendent" ni wanauzia pale, pale ni kwenye ushirika.

Na sasa ngeli. "Le chauffeur a posé la facture sur le sac, mais celle-ci n'était pas signée." Ni nani au nini ambacho hakikusainiwa? Mwenye kusoma kwa Kiingereza anarudi nyuma anatafuta. Wewe sema kwa Kiswahili: dereva aliiweka ankara juu ya gunia, lakini ilikuwa haijasainiwa. "I-" haiwezi kuwa dereva, haiwezi kuwa gunia. Ni ankara. Kifaransa kinafanya vivyo hivyo kwa jinsia zake mbili: "celle-ci" ni ya kike, na kwenye sentensi hii "facture" ndiyo ya kike peke yake. Kila unapokutana na kineno cha namna hiyo, kiulize kama unavyouliza upatanisho wa ngeli: wewe ni wa nani? Maswali mengi ya kusoma yanajibiwa hapo hapo.

Kiingereza kinadanganya hata kwenye maneno yenyewe, kwa sababu yanafanana sura na hayafanani maana. "Librairie" ni duka la vitabu, wala si maktaba. "Actuellement" ni kwa sasa. "Assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano. "Location" ni kukodi au kupangisha. Na lile ambalo limewachanganya wanafunzi wangu wengi, "passer un examen", ni kufanya mtihani tu; kufaulu ni "réussir". Wewe Kampala "tu as passé" mtihani wako. Safari hii tunataka "réussir".

Kuna kizuizi kingine ambacho barua yako haikukitaja, lakini nakiona kwenye alama zako. Kifaransa chako kimeingia kwa masikio. Sasa Kifaransa kwenye karatasi kina herufi nyingi zisizotamkwa. "Il parle" (anaongea) na "ils parlent" (wanaongea) kwa sikio ni kitu kimoja. Kwa jicho, cha pili kina mkia wa "-ent" usiosikika. "Aujourd'hui", "beaucoup", "quelqu'un", umeyasema maelfu ya mara, lakini ukiyakuta yameandikwa yanakukodolea macho kama wageni. Sidhani kama maneno yale mawili ya mstari wa kwanza yote yalikuwa mageni kwako. Inawezekana kabisa moja wapo unalitamka kila wiki.

Dawa yake ni kuunganisha sikio na jicho, na dawa hiyo ni bure. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake huwekwa kwenye tovuti yao. Isikilize huku kidole kikipita chini ya mstari. Kisha isome bila sauti. Kisha isome kwa sauti yako. Mwezi wote wa kwanza fanya hivyo tu, kila usiku dakika 30, usishike saa wala karatasi ya mtihani. RFI hiyo hiyo ina idhaa ya Kiswahili. Siku umechoka, soma habari fulani kwa Kiswahili kwanza, ukishaijua, itafute kwa Kifaransa. Utashangaa maneno mageni yanavyojieleza yenyewe ukiwa tayari unajua kilichotokea.

Na kwa kuwa uko Mpondwe, una kitu ambacho mwanafunzi wa Kampala hana. Fungua tovuti ya Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza Kongo mwaka 2002. Habari zake za Kifaransa zinataja Beni, Butembo, Lubero, barabara unazozijua, bei za vitu unavyovipitisha. Lori likikwama, chukua habari moja, msomee dereva Mkongo kwa sauti. Pale atakapokunja uso, ujue umelitamka vibaya au umeruka alama ya kituo. Hakuna mwalimu wa kulipwa atakayekupa hilo.

Kamusi ifunge. Kitu pekee ambacho ningekubali ukariri ni maneno ya kuunganisha, kama 30 hivi, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuambia sentensi inaelekea wapi. "Pourtant", "cependant", "toutefois", "en revanche": hapa habari inageuka, punguza mwendo. "Car", "puisque", "en effet": sababu inakuja. "Donc", "c'est pourquoi": haya ndiyo matokeo. "Malgré", "bien que", "même si": kuna kizuizi lakini jambo limefanyika. Tofautisha vizuri "grâce à" na "à cause de". Yote ni kwa sababu ya, ila la kwanza linashukuru na la pili linalaumu. Swali likiuliza mwandishi ana maoni gani, mara nyingine neno hilo moja limeshatoa jibu. Chunga pia "serait" na "aurait" za magazetini: "le projet aurait coûté cher" ni inasemekana uligharimu sana, mwandishi hajathibitisha.

Maneno mengine yote yachukue kwenye habari ulizosoma, sita au nane kwa siku, kila moja na sentensi yake, kwenye daftari dogo. Neno lililotolewa kwenye kamusi peke yake halikai.

Mwezi wa pili ingiza zoezi mojamoja kwa saa. Jedwali dakika 12. Makala ya kwanza 15. Ya pili 15. Zinabaki tatu za kupitia visanduku. Kwenye makala, soma kichwa cha habari, kisha maswali yote, ndipo usome habari. Maswali kwa kawaida hufuata mtiririko wa habari yenyewe, kwa hiyo ukishajibu la pili, jibu la tatu litafute chini zaidi, usirudi juu. Neno geni lipigie mstari mwembamba na upite. Ukikuta swali limekushika zaidi ya dakika mbili, chagua linaloelekea kuwa sawa, weka alama ya kulirudia, songa. Mwezi wa tatu fanya mtihani mzima, mara mbili kwa wiki, bila kamusi, kwa sababu hata ndani ya chumba hairuhusiwi.

Karatasi za mtu wa Kampala usinunue. France Éducation international, taasisi ya Ufaransa inayosimamia DELF, imeweka mifano ya mtihani wa mtindo wa sasa kwenye tovuti yake bila malipo. TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi, chagua B1. Hiyo 200,000 ni nauli yako na malazi yako. Na ukipewa karatasi yoyote, na mtu yeyote, kagua kwanza: ikikuambia "justifiez votre réponse", thibitisha jibu lako, kwenye sehemu ya kusoma ya B1, ni ya zamani.

A2 usirudi. Hakuna sharti la kuwa na A2 ndipo ufanye B1, na mtu wa 22 kwenye kuongea atapoteza pesa na miezi yake huko. Kuhusu kurudia, utarudia sehemu zote nne. DELF haihifadhi alama za zamani. Najua inauma. Kwako lakini, kusikiliza na kuongea unavifanyia mazoezi kila siku kazini, na kwenye kuandika 14.5 yako itapanda yenyewe ukisoma miezi mitatu mfululizo. Ukishakipata, cheti hicho hakina tarehe ya kuisha.

Amebaki bosi wako. Mwambie wiki hii, na usimwambie kwa maneno. Mpelekee karatasi yenyewe ya matokeo. Kazi anayotaka kukupa ni ya kukaa na Wakongo na kuelewana nao, basi aione ile 22 na ile 17 kwa macho yake, umweleze na sheria ya alama 5. Kisha mwombe jambo moja tu: ruhusa ya siku mbili mtihani ukifika. Safiri mchana, fika Kampala jioni, kula, lala. Mtu aliyeshuka kwenye basi la usiku anaweza kuongea vizuri na hata kusikiliza vizuri, lakini macho yake hayawezi kusoma mistari kwa dakika 45 bila kupotea. Na saa ya mkononi beba, ile ya mishale, kwa sababu simu utaiacha nje.

Mwalimu wako